Kuhesabu sisimizi kwenye visiwa vidogo: mwongozo kwa anayeanza

Tanga mbili ikikaribia na bahari ikitulia, maswali huwa yaleyale. Mmoja anauliza abebe vikombe vingapi vya mitego. Mwingine anataka kujua kama spiriti ya dukani inafaa. Wa tatu amekwisharudi kutoka kisiwani na chupa arobaini, wino wa lebo umeyeyukia ndani ya alkoholi, naye anauliza kama kuna namna ya kujua ipi ilitoka wapi. Huyo sikuwa na la kumsaidia, na iliniuma, maana alikuwa amefanya kazi ya siku sita juani. Nimeandika mwongozo huu ili mwingine asirudi na chupa za namna ile.

Nimeulenga kwa visiwa vya pwani yetu: Mbudya, Bongoyo na Pangavini mbele ya Dar es Salaam, vile vinavyozunguka Unguja, Pemba na Mafia, na vya Lamu na Wasini upande wa Kenya. Vingi ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye udongo haba na vichaka vya maweni. Mbinu zilizobuniwa kwa misitu ya bara zinahitaji kurekebishwa ndipo zifae huku.

Kuhusu majina: nitawaita wote sisimizi, ingawa maji moto, sungusungu na siafu wana majina yao. Mchwa hawamo. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na vipapasio vyake ni kama uzi wa shanga. Swali hili huulizwa sana, wala si la kuonea aibu.

Kwa nini visiwa, kwa ufupi

Mwaka 1966 wanasayansi Edward Wilson na Daniel Simberloff walianza kufunika visiwa vidogo vya mikoko huko Florida, Marekani, wakaua wadudu wote kwa gesi, kisha wakahesabu waliorudi. Ndani ya mwaka mmoja hivi, idadi ya spishi kwenye vingi ilikuwa imerudi karibu na ya awali, lakini spishi zenyewe hazikuwa zote zilezile. Kisiwa kidogo kinakuonyesha kuhama, kufika na kutoweka ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu.

Kwetu lipo la ziada. Miaka ya 1950 mtafiti wa wadudu Michael Way alichunguza minazi ya Zanzibar akaonyesha kwamba mnazi wenye maji moto (*Oecophylla longinoda*) huathiriwa kidogo na yule mdudu anayefyonza nazi changa, ambaye leo anaitwa *Pseudotheraptus wayi* kwa jina la Way mwenyewe. Alionyesha pia kuwa sisimizi wa kichwa kikubwa, *Pheidole megacephala*, anayekaa ardhini, huwafukuza maji moto. Kwa hiyo kujua nani yuko kisiwa gani kunamgusa mwenye minazi moja kwa moja.

Jambo moja nakuomba ulishike kuliko mengine yote: kwenye visiwa, sifuri ina thamani sawa na namba nyingine yoyote. "Maji moto hayupo Pangavini" ni dai zito. Huwezi kulitoa kama hukutafuta kwa juhudi ileile uliyotumia Mbudya. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ipo ili sifuri yako iaminike.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Anza na vibali. Tanzania Bara kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakikuruhusu kufanya kazi kule. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo utahitaji pia ruhusa ya mamlaka ya hifadhi za bahari. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali kingine tena. Anza kufuatilia miezi kadhaa kabla ya safari.

Kisha watu. Muone sheha au mwenyekiti wa kijiji, halafu wazee wa wavuvi. Uliza kama kisiwa kina mizimu, wapi hapaingiwi na wapi viatu huvuliwa. Misali, upande wa Pemba, jina lake lenyewe watu wanalihusisha na msala wa Nabii Hadhara. Ukimuuliza mzee kwanza, atakuambia pia penye maji, penye nyoka, na mwamba upi umeliwa na bahari kwa chini.

Vifaa kwa watu wawili:

- vikombe vya plastiki 60, mdomo wa sentimita 6 hadi 7
- mwiko wa bustani na mtaimbo mfupi
- chupa ndogo 200 zenye kizibo cha kuzungusha
- ethanoli ya maabara, asilimia 96, lita 3
- vibano viwili vyembamba, brashi ndogo ya kuchorea, kifyonzeo
- samaki jodari wa kopo kwenye mafuta, sukari, pamba
- chekeche lenye matundu ya sentimita 1, sinia jeupe pana
- wavu wa waya wa kuku na koleo la kuukatia
- penseli laini, karatasi nzito, daftari gumu
- simu yenye GPS, betri ya akiba, kamba ya mita 50
- ndoo mbili zenye mfuniko unaobana
- jaketi okozi kwa kila mtu, maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, sanduku la huduma ya kwanza

Kifyonzeo unaweza kukitengeneza kwa chupa yenye mirija miwili. Ule unaouweka mdomoni uufunge kwa kipande cha soksi ya nailoni usije ukameza sisimizi. Sampuli zibebe kwenye vikopo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, na isitoshe hupasuka.

Spiriti ya dukani yenye rangi tumia kwa mazoezi tu. Ukitaka alkoholi ya asilimia 70 ya kuhifadhia, chukua mililita 730 za ethanoli ya 96 kisha ongeza maji hadi ifike lita moja. Sampuli zitakazopimwa DNA zikae kwenye 96 bila kuchanganywa na maji. Ethanoli hushika moto haraka: kwenye boti iweke mbali na tangi la petroli na ukataze sigara.

Hatua kwa hatua

1. Panga siku kwa kufuata mwezi. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa mbali kwenye saa 4 au 5 asubuhi na kujaa alasiri kwenye saa 10. Boti ikichelewa kufika itakwama juu ya matumbawe, nawe utabeba ndoo kichwani ukikanyaga miamba yenye ncha. Kwa kushuka na kupanda, siku za maji mafu, bahari isipokupwa wala kujaa sana, ni rahisi zaidi. Nahodha ndiye anayejua, kwa hiyo mpe mpango wako kabla hujauandika wino. Kusi kali ya Juni hadi Agosti, viache visiwa vya nje.

2. Kagua mizigo usiku wa kuamkia safari. Hatua hii watu huiruka, nami naiona ya kwanza kwa uzito. Sisimizi husafiri na wanadamu: ndani ya mkate, chini ya ndoo, kwenye udongo wa viatu. Kwenye Kisiwa cha Christmas cha Australia, sisimizi wa manjano aliyeletwa (*Anoplolepis gracilipes*) ameua mamilioni ya kaa wekundu. Laikipia, sisimizi wa kichwa kikubwa amewaondoa sisimizi wanaolinda migunga, tembo wakaivunja miti hiyo, na hata uwindaji wa simba ukabadilika. Usiwe wewe uliyempeleka Pangavini.

Fanya hivi: panga mizigo yote sakafuni, weka vijiko vitatu vya jodari kuizunguka, rudi baada ya nusu saa. Wakiwemo, watatoka. Kung'uta kila kitu, osha viatu kwa brashi. Kisha panga safari ianzie kwenye visiwa visivyo na watu na iishie kwenye vile vyenye hoteli au kambi za dago. Kamwe usigeuze mpangilio huo.

3. Pima kisiwa. Zunguka ukingo wa mimea, si ukingo wa maji, huku simu ikirekodi njia. Maji yakitoka kisiwa huonekana kikubwa mara mbili, lakini sisimizi hawaishi kwenye mwamba unaofunikwa kila siku. Usisimame kwenye midomo ya mwamba: visiwa vingi vimeliwa chini vikawa kama uyoga, na ukingo unaweza kukatika. Andika kama kuna dago, kisima, minazi, majivu, panya, ndege wanaotaga. Ukikuta mayai ya ndege chini, ondoka upande huo.

4. Weka vituo. Utaratibu wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2000 kwa sisimizi wa majani yaliyoanguka unataka mstari wa mita 200 wenye vituo 20, mita 10 kati ya kimoja na kingine. Kisiwa chako huenda hakina mita 200. Mimi hufanya hivi: chini ya hekta 1, vituo 10, hekta 1 hadi 5, vituo 20, zaidi ya hapo, 30. Umbali wa mita 10 haupungui. Mstari usipoenea, ukate uwe vipande viwili au vitatu.

Vituo vipe namba kwa mpangilio wa kubahatisha kabla hujashuka botini. Ukifanya hivyo, vituo 10 vya kwanza vya kila kisiwa vinaweza kulinganishwa, kikubwa kwa kidogo, bila mtu kusema kikubwa kilipata spishi nyingi kwa sababu tu ulikaa siku nyingi. Na usikisogeze kituo kwa kuwa "hapa hakuna kitu".

5. Tega mitego ya shimo. Chimba siku ya kwanza, zika kikombe, kifunike, kifungue siku ya pili. Udongo uliotibuliwa huvuta sisimizi na kukupa hesabu ya uongo. Mdomo wa kikombe uwe sawa kabisa na ardhi, kwani ukiinuka hata milimita mbili wadogo watauzunguka na kupita. Mimina sentimita 2 za maji yenye chumvi nyingi na matone ya sabuni ya maji. Alkoholi hukauka kwenye joto hili kabla ya jioni.

Mwambani mtaimbo hautafua dafu. Tafuta mfuko wa udongo ndani ya mita 2 kutoka kwenye kituo. Ukikosa, andika "hakuna mtego", ufanye mbinu nyingine tatu. Usiweke mtego chini ya mstari wa uchafu ulioachwa na bamvu. Acha saa 48.

6. Weka vyambo. Kila kituo kadi mbili, mita moja kati yao: moja kijiko cha chai cha jodari, nyingine pamba iliyolowekwa maji ya sukari, gramu 200 kwa lita. Zote mbili zinahitajika, kwani wapo wanaofuata sukari na hawaigusi nyama. Fanya kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kisha rudia baada ya saa 11 jioni. Adhuhuri mwamba huwa wa moto na kadi zitakaa tupu.

Angalia dakika ya 15, ya 30 na ya 60. Andika spishi na idadi kwa makundi: 0, 1, 2–5, 6–10, 11–20, 21–50, zaidi ya 50. Usichukue sampuli kabla ya dakika 60 isipokuwa mmoja mmoja, la sivyo umevuruga mashindano uliyokuja kuyaona. Anayefika wa kwanza mara nyingi si anayebaki na chambo.

7. Chekecha majani. Pima mita moja ya mraba, kusanya majani yaliyoanguka mpaka kwenye udongo, chekecha, mimina unga wake kwenye sinia jeupe kidogokidogo. Watu wawili, dakika 20 kamili kwa kutazama saa. Wenye mfuko wa Winkler, ule wa kitambaa ambao wadudu hutoka kwenye majani na kuangukia chupa iliyo chini, wautundike saa 48. Hapa ndipo wanapopatikana wale wadogo wa milimita moja wasiokuja kwenye chambo, nami kila nikishawishika kuiacha kazi hii kwa uchovu nakumbuka spishi ngapi nimezipata hapa peke yake.

8. Tafuta kwa mkono. Dakika 15 kila kituo. Vunja vijiti vikavu vyenye uwazi ndani, funua magome, geuza makumbi ya nazi na makuti, chungulia nyufa za mwamba, kagua matawi ya mikoko. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa. Viota vya maji moto vya majani yaliyoshonwa vihesabu ukiwa chini, kila mti ndani ya mita 5 kutoka kwenye kituo.

Maji moto wachukue kwa kibano. Ukiwanyonya kwa kifyonzeo, mvuke wa asidi yao utakuchoma koo. Ingiza suruali ndani ya soksi.

9. Andika lebo hapohapo. Penseli, karatasi, ndani ya chupa. Kalamu ya wino na kalamu nene za kuandikia plastiki huyeyuka au kufutika alkoholi ikivuja. Lebo iwe na nchi, kisiwa, nukta za GPS kwa desimali tano, tarehe, namba ya kituo, mbinu, jina lako. Kwa mfano: *Tanzania, Dar es Salaam, kisiwa cha Mbudya, kituo 4, chambo jodari, dak. 60*, kisha tarehe, GPS na jina. Usiandike "K4" ukitumaini daftari litaeleza, kwa sababu daftari huweza kuanguka baharini.

Kwenye daftari, ulichokitafuta ukakikosa andika 0. Ambacho hukukitafuta weka mstari. Mtu anayeacha nafasi wazi kwa vyote viwili ameharibu data yake, na hakuna programu ya kompyuta itakayoitengeneza.

10. Piga picha ya daftari kila jioni, kila ukurasa, kabla ya kula.

Ukirudi: kuwatambua

Anza na kiuno chini ya hadubini. Kifundo kimoja au viwili? Viwili ni jamii ya kina *Pheidole*, *Monomorium*, *Crematogaster*, *Tetramorium*. Kimoja, bila mwiba wa kuchoma, mara nyingi ni kina *Camponotus*, maji moto na wenzao. Kisha linganisha na picha za tovuti ya AntWeb, ambayo ni bure na huonyesha kichwa, ubavu na mgongo.

Wasafiri hawa wajue mapema, maana hufika na mizigo. *Pheidole megacephala*: vifundo viwili, wafanyakazi wa saizi mbili, na wakubwa wana kichwa cha umbo la moyo kinachong'aa nyuma. *Tapinoma melanocephalum*: mdogo sana, kichwa cheusi, tumbo jeupe kama limepauka. *Paratrechina longicornis*: mweusi, vipapasio na miguu mirefu, anakimbia huku na huku kama aliyepotea. *Anoplolepis gracilipes*: wa manjano, miguu mirefu, mkubwa kuliko hao wawili waliotangulia.

Usipojua spishi, usibahatishe. Andika "*Monomorium* sp. 1", weka mfano mmoja kwenye kisanduku cha kumbukumbu, na namba hiyo ibaki hiyohiyo kwa visiwa vyote.

Halafu jiulize kama ulitafuta vya kutosha. Hesabu spishi zilizoonekana kwenye kituo kimoja tu, na zilizoonekana kwenye viwili tu. Kanuni ya mtakwimu Anne Chao inasema: idadi uliyoiona, jumlisha mraba wa zile za kituo kimoja uliogawanywa kwa mara mbili ya zile za vituo viwili. Ukiona 14, nne zikiwa za kituo kimoja na mbili za vituo viwili: 14 + 16 ÷ 4 = 18. Yaani huenda nne bado zimejificha. Ukiwa na pengo kama hilo, usitangaze kuwa spishi fulani haipo.

Mambo yakienda kombo

*Chambo kimetoweka chote.* Ni kaa wanaobeba kombe za konokono, au panya. Funika kila kadi kwa kikapu cha waya wa kuku kilichobanwa kwa mawe. Fanya hivyo kwenye vituo vyote, hata visivyo na kaa, ili mbinu ibaki moja.

*Mtego umejaa kaa wadogo.* Kata waya uufunike mdomo. Waokoe kaa, na uandike mtego umevurugika. Usiuhesabu kama sifuri.

*Hakuna hata sisimizi mmoja kwenye vyambo.* Tazama saa na joto kwanza. Ikiwa ni asubuhi na ardhi haijachemka, subiri dakika 60 zitimie na urudie jioni. Bado tupu? Hiyo ni sifuri halali, iandike kwa furaha.

*Spishi moja imeteka vyambo vyote.* Mara nyingi ni kichwa kikubwa. Usiongeze vyambo. Ongeza nguvu kwenye majani na vijiti vikavu, ambako wanyonge hujificha, ukifanya hivyo kwenye kila kisiwa.

*Mvua imenyesha usiku.* Mitego iliyofurika hukupa hesabu pungufu. Tega upya ukiweza. Usipoweza, futa mbinu hiyo kwa kisiwa hicho na ueleze kwenye ripoti.

*Sampuli zimekauka.* Usizimiminie alkoholi ghafla, vipapasio vitakatika. Weka chupa wazi ndani ya kopo lenye pamba yenye maji, funga kopo usiku kucha, kisha ongeza alkoholi ya 70 taratibu.

*Wavuvi wa dago wanauliza unafanya nini.* Kaa nao, waonyeshe chupa. Waulize dago lilianza lini, kuni na maji ya kunywa vinatoka wapi, na sisimizi wanaowasumbua walianza kuonekana mwaka gani. Majibu yao yaandike kwenye ukurasa wa kisiwa hicho, pamoja na tarehe.